Shabaha Ngumu na Afya ya Kijana

Mwezi uliopita tuliletewa barua na ndugu yetu mmoja akaaye Tarime, upande wa njia iendayo Sirari. Jina lake hatulitaji, wala yeye mwenyewe hakupenda litajwe. Baada ya salamu na dua, atueleza ya kuwa mwanawe wa kiume yuko kidato cha nne, na mtihani wa taifa ni mwezi wa Novemba. Tangu mwezi wa Julai baba huyu amebandika karatasi juu ya mlango wa chumba cha kijana, imeandikwa kwa wino mwekundu: "POINTI 7".

Wasomaji wenye watoto wa sekondari wamekwisha fahamu. Kwa wasiofahamu tutasema ya kuwa katika mtihani ule pointi 7 ndio upeo, yaani kupata alama A katika masomo yote 7 yanayohesabiwa; hapana matokeo yaliyo juu ya hayo. Daraja la kwanza huanzia hapo likaishia pointi 17, na la pili huishia 21. Sasa kijana huyu katika mtihani wa majaribio alipata pointi 23, ambalo ni daraja la tatu.

Baba aendelea kusema ya kuwa mwanzoni alifurahi, kwani taa ilikuwa ikiwaka chumbani mpaka usiku wa manane. Lakini baada ya wiki chache mambo yaligeuka. Kijana hali chakula cha asubuhi, husema tumbo lamuuma. Usingizi haupati. Mamaye aliingia chumbani usiku mmoja akamkuta amefungua kitabu cha fizikia, na alipoingia tena baada ya saa nzima ukurasa ulikuwa ni ule ule. Wamempeleka zahanati, akapimwa malaria na homa ya matumbo, hakuonekana na chochote. Mama ataka karatasi iondolewe. Baba asema ya kuwa mtoto asiyesukumwa hafiki mbali, na yeye mwenyewe asingalikuwa na duka wala shamba la kahawa lau marehemu babaye hakumsukuma. "Basi nauliza," amalizia, "je, niishushe shabaha, nimfundishe mwanangu uvivu?"

Tumeisoma barua hii mara tatu, na twaona si barua ya nyumba moja. Kwa hiyo twaijibu hapa mbele ya wasomaji wote.

Kwanza twapenda kumpa baba haki yake. Si kweli ya kuwa shabaha ngumu ni adui wa mtoto. Watu wa elimu wameliangalia jambo hili kwa miaka mingi. Mmarekani mmoja, Edwin Locke, katika miaka ya 1960 alianza kuwapa watu kazi za namna mbalimbali. Wengine aliwaambia, "Fanyeni kadiri muwezavyo," na wengine aliwapa shabaha maalumu iliyo ngumu. Mara kwa mara wale waliopewa shabaha ngumu iliyo wazi waliwapita waliombwa tu wajitahidi. Mwenziwe, Gary Latham, alikwenda katika misitu ya Oklahoma walikokuwako madereva wa malori ya magogo. Madereva wale walikuwa wakipakia kiasi cha asilimia 60 tu ya uzito ulioruhusiwa na sheria. Walipopewa shabaha ya kufikia asilimia 94, pasipo kuongezewa mshahara, kwa muda wa miezi michache upakiaji ulipanda ukafika karibu asilimia 90. Habari hizo zilitangazwa mwaka 1975. Neno "jitahidi" halina mwisho wala kipimo. Kila mtu aweza kujidanganya ya kuwa amekwisha jitahidi. Namba haidanganyiki.

Na hapa kwetu tunao ushahidi ulio mzuri kuliko malori. Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, New Zealand, kijana wetu Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, alishika mbele katika mbio za mita 1,500 tangu mwanzo wala hakumwachia mtu. Wakimbiaji wa siku zile walizoea kuviziana mpaka mzunguko wa mwisho. Yeye alipita mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 52 hivi, mwendo ambao wengi walidhani utamwangusha njiani. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akaivunja rekodi ya dunia iliyowekwa na Jim Ryun mwaka 1967. Lakini jambo tutakalo wasomaji waliangalie ni hili: John Walker wa New Zealand, aliyefika wa pili, naye alikimbia chini ya rekodi ile ya zamani! Mtu wa pili alipata mwendo ambao hakuna mwanadamu aliyewahi kuupata kabla ya siku hiyo, kwa sababu mbele yake palikuwa na mgongo wa Bayi.

Basi nini hutokea mwilini mtu anapowekewa jambo gumu mbele yake? Ubongo hupeleka habari kwa njia ya mishipa ya fahamu, na tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, pumzi huzidi, ini hutoa sukari yake ya akiba, mboni za macho hupanuka. Damu hupunguzwa tumboni ikapelekwa katika misuli. (Ndiyo maana mtu mwenye fazaa hawezi kula, na tumbo humsokota ingawa halina ugonjwa; mama wa kijana asidhani ya kuwa mwanawe anajisingizia.) Baada yake hutoka homoni nyingine, kortizoli, ambayo huufanya mwili uendelee kutumia akiba. Haya yote ni neema. Bila ya hayo kijana hangeweza kuamka alfajiri, wala mkimbiaji kupanda mlima, wala mwanafunzi kukaza fikira juu ya hesabu moja kwa nusu saa.

Lakini neema hii yataka kikomo. Kortizoli ikikaa juu usiku na mchana kwa majuma mengi, usingizi huharibika. Na usingizi ndio wakati ambapo ubongo huyapanga na kuyahifadhi yale yaliyosomwa mchana. Mwanafunzi asiyelala ni kama mtu atekaye maji kisimani kwa ndoo iliyotoboka. Hukesha akisoma, na asubuhi hakumbuki; kwa kuwa hakumbuki, huogopa; na kwa kuwa aogopa, usiku wa pili halali.

Tena kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui, nalo ndilo kiini cha jibu letu. Watu wa elimu waliopima mapigo ya moyo na nguvu ya damu ya watu wanaofanya kazi ngumu, wakiyafuata mafundisho ya Jack Brehm wa Marekani, waliona ya kuwa kadiri kazi inavyozidi ugumu, ndivyo mwili unavyozidi kujikaza, hadi inapofika mahali mtu anapoona, "Hili haliwezekani." Hapo bidii haipungui kidogo kidogo, bali huanguka mara moja. Mwili huacha kujikaza kana kwamba kazi haipo. Basi yule kijana aliyetazama ukurasa mmoja saa nzima si mvivu. Mwili wake umekwisha piga hesabu ambayo baba hakuipiga: kutoka pointi 23 mpaka pointi 7, kwa miezi mitatu, katika masomo yote kwa pamoja.

Mwingine, Jim Blascovich, aliangalia mishipa ya damu yenyewe. Watu wawili hupewa kazi moja iliyo ngumu, na mioyo ya wote wawili hupiga kwa nguvu. Yule aonaye ya kuwa kazi ni ngumu lakini anavyo vya kuikabili, mishipa yake hulegea, damu ikapita kwa wingi na kwa wepesi. Yule aonaye ya kuwa kazi yamzidi, na ya kuwa akishindwa ataaibika, mishipa yake hailegei, pengine hujikaza, na moyo hufanya kazi kubwa kwa faida ndogo. Shabaha ni ile ile. Tofauti ni jinsi kila mmoja anavyoipima dhidi ya uwezo wake. Kwa hiyo twamwuliza ndugu yetu: kijana asomapo karatasi ile mlangoni, husoma nini? Wewe uliandika "Nakutumaini." Yamkini yeye husoma "Usipofika hapa, wewe si mwanangu."

Wala usitazamie ya kuwa atakuambia. Katika nyanda zenu za Tarime mtoto wa kiume hufunzwa mapema ya kuwa mwanamume hapepesi jicho. Siku ya jando husimama mbele ya watu, na ukoo mzima hutazama uso wake. Mafunzo hayo yamewatoa watu mashujaa, hatuyadharau. Lakini kijana aliyefunzwa kuficha maumivu ya kisu, atashindwaje kuficha hofu ya hesabu? Huificha kwa baba, nayo hutokea tumboni.

Sasa tuje katika swali: je, shabaha ishushwe? Sisi twasema isishushwe, bali ikatwe vipande, tena ibadilishwe mwenyewe.

Mtazameni Alphonce Simbu, askari wa Jeshi la Wananchi, mtoto wa Singida. Mwaka 2016 huko Rio alikuwa wa 5 katika marathoni ya Olimpiki. Mwaka 2017 huko London alipata medali ya shaba katika mashindano ya dunia. Ikapita miaka 8. Mwezi wa Aprili 2025 alikuwa wa pili huko Boston, na mwezi wa Septemba mwaka ule ule, mjini Tokyo, alikuwa bingwa wa dunia kwa saa 2 dakika 9 na sekunde 48, wakati ule ule na Mjerumani Amanal Petros, wakitenganishwa na sehemu 3 za mia za sekunde moja. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Baba anayesikia habari hii huona siku ile ya Tokyo peke yake. Mtoto afaa aonyeshwe miaka 9 iliyotangulia.

Na kwa kuwa mwandishi wa barua ni mtu wa Mara, tumkumbushe jirani yake. Suleiman Nyambui alizaliwa Majita, pwani ya ziwa, katika mkoa wenu huo huo. Mwaka 1980 huko Moscow alikimbia mita 5,000 akawa wa pili nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia, kwa upungufu usiofika sekunde moja. Aliikosa dhahabu kwa hatua chache. Je, tuseme aliharibikiwa? Alirudi katika masomo na mbio zake huko El Paso, Marekani, kisha akahamia mbio ndefu, na marathoni ya Berlin akaishinda mara mbili mfululizo, 1987 na 1988.

Kuna na John Stephen Akhwari wa Mbulu, ambaye habari zake zimekwisha kuwa kama hadithi. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika mji wa Mexico ulio juu sana, mita 2,240 hivi kutoka usawa wa bahari, watu 75 waliianza marathoni, na 18 hawakuimaliza. Akhwari alibanwa na misuli, akaanguka, akaumia goti na bega. Alifika wa 57, wa mwisho, kwa saa 3 na dakika 25, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde. Watu husimulia habari hii kuonyesha ushujaa, na ni haki. Sisi twaona na jambo jingine ndani yake. Mtu yule alitoka nyumbani na shabaha ya kushindana. Barabarani, mguu ukivuja damu, aliibadilisha ikawa shabaha ya kumaliza. Lau angaliishikilia ile ya kwanza, hapakuwa na sababu ya kupiga hatua moja zaidi, kwani ilikwisha potea. Ile ya pili ilikuwa ngumu vilevile, labda kuliko ya kwanza, lakini ilikuwa yawezekana.

Liko na jambo la masomo yenyewe. Mwaka 1989 Ruth Kanfer na Phillip Ackerman walitangaza matokeo ya majaribio waliyofanya kwa wanafunzi wa jeshi la anga la Marekani, waliokuwa wakijifunza kazi ya kuongoza ndege kwa mfano. Waliopewa shabaha ngumu ya alama tangu mwanzo, kabla hawajaielewa kazi, walifanya vibaya; akili yao iligawanyika, nusu ikatazama kazi na nusu ikatazama namba. Shabaha ile ile ilipotolewa baada ya kazi kueleweka, haikuwadhuru. Wazazi wengi wa kwetu hufanya kinyume. Sisi wenyewe tumewahi kumkabidhi kijana wa nyumbani shabaha ya alama katika somo ambalo hakuwa amelielewa hata sura ya kwanza, tukajiona walezi hodari. Kwa somo alijualo, mpe namba. Kwa somo ambalo bado ni giza kwake, mpe shabaha ya kuelewa: leo ajue sheria moja ya mwendo, aweze kumweleza mdogo wake kwa maneno ya nyumbani.

Na huyo mdogo wake ndiye aliyetupendeza katika barua nzima. Ndugu yetu amemtaja mwishoni tu, kama mtu atoaye habari za watu wa nyumbani. Asema binti yake wa miaka 9 Ramadhani iliyopita alifunga siku 11. Hakulazimishwa, kwani hajafikia umri wa kulazimika. Mwenyewe aliomba. Siku za kwanza mama alimfungisha nusu siku, adhuhuri akampa uji. Kisha akamwambia ajaribu mpaka alasiri. Siku aliyofika magharibi kwa mara ya kwanza babaye alimpa tende kwa mkono wake mwenyewe, na mtoto akahesabu kwa mkaa ukutani jikoni. Siku moja ya joto alishindwa saa nane, akanywa maji, akalia. Mama akamwambia ya kuwa kesho ipo. Kesho yake alifunga mpaka jua likazama.

Ndugu yetu, Tarime iko karibu na mstari wa ikweta, na saumu yenu haipungui saa 13 mwaka hata mwaka. Kwa mwili wa mtoto wa miaka 9 hiyo ni shabaha ngumu hasa! Lakini yalikuwapo mambo manne: aliitaka mwenyewe, ilipanda kwa ngazi, aliiona kwa macho ukutani, na aliposhindwa hakuaibishwa. Mama wa nyumba yako amekwisha ijua kazi hii ambayo wewe watuuliza sisi.

Kwa hiyo haya ndiyo tuyaonayo. Karatasi ya mlangoni usiichane kwa hasira wala usiiondoe kimya kimya usiku, kwani kijana atadhani umemkatia tamaa, na hilo ni baya kuliko pointi 7. Mwite baada ya sala ya isha, mkae wawili, uitoe mbele yake, umwambie kwa ulimi wako kwa nini uliiweka. Kisha mpe kalamu. Aandike mwenyewe, kwa mwandiko wake, masomo yake 7 na alama alizopata, na kando ya kila somo aandike alama anayodhani aweza kuifikia akijikaza. Akiandika ndogo mno, muulize, wala usimwandikie. Kutoka 23 kwenda 18 ni daraja la pili. Ni ngazi tano, na kila ngazi ni somo moja kupanda kwa alama moja. Hiyo mwili wake utaikubali. Wakifika 18 kabla ya Novemba, na huenda wakafika, watazungumza habari ya 17.

Taa izimwe saa nne usiku. Twajua baba atasikitika, lakini saa mbili za kusoma za mtu aliyelala zapita saa tano za mtu aliyekesha. Jioni na aende uwanjani akimbie na wenzake, kwa kuwa adrenalini iliyokosa kazi ya miguu hukaa ikisumbua. Na asile kwa kulazimishwa asubuhi. Uji mwepesi watosha mpaka tumbo litulie. Likiwa tumbo na usingizi havikutengemaa baada ya wiki mbili, au akianza kusema maneno ya kukata tamaa na maisha, asikae nyumbani hata siku moja. Apelekwe hospitali, na daktari aambiwe habari yote, pamoja na habari ya karatasi.

Barazani nako, ndugu yetu, acha kutaja ile namba. Kama ulikwisha waambia wenzio ya kuwa mwanao ataleta pointi 7, basi nusu ya uzito ule mlangoni ni wako, si wake.

Twangoja barua ya pili. Twataka kujua kijana ameandika namba gani, na ni somo gani alilolitanguliza juu.